Usiku wa Korsun mezani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa watu wanaotaka kucheza mezani jaribio la Wajerumani kuvunja mzingiro wa Korsun, nchini Ukraine, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Februari 1944. Kanuni tunazozieleza ni za mchezo wa kujitengenezea nyumbani. Mgeni aanze na kundi la kwanza. Aliyekwisha kucheza na sasa anabishana na mwenzake aende moja kwa moja kundi la mwisho.

## Mwanzo kabisa

Mchezo huu unahusu nini hasa?

Mwishoni mwa Januari 1944 majeshi mawili ya Kisovyeti, moja la Jenerali Konev likitokea mashariki na jingine la Jenerali Vatutin likitokea magharibi, yalikutana katika mji wa Zvenigorodka. Nyuma ya mkutano huo walibaki askari karibu 60,000 wa upande wa Ujerumani, wamefungiwa katika eneo la mji wa Korsun. Mkubwa wao alikuwa Jenerali Stemmermann, akisaidiwa na Jenerali Lieb.

Vifaru vya Ujerumani vilijaribu kuwafikia kutoka nje kwa wiki mbili hivi, vikaishia kwenye tope na upinzani karibu na mji mdogo wa Lysyanka. Ndipo Manstein, kamanda wa majeshi ya Ujerumani kusini, alipotuma amri fupi kuliko barua ya likizo: neno la siri ni uhuru, lengo ni Lysyanka, muda ni saa 5 usiku. Mchezo unaanza dakika hiyo. Mmoja wenu ana watu wa kuwatoa, mwingine ana usiku na theluji ya kuwazuia.

Kwa nini hawakuondoka mapema?

Hitler alikataa. Sehemu ile ilikuwa kipande cha mwisho cha mto Dnieper ambacho Wajerumani walikuwa bado wamekishika karibu na Kaniv, na yeye aliota kuwa siku moja atakitumia kuirudia Kyiv, iliyokuwa imemponyoka Novemba 1943. Askari wakabaki pale wametokeza kama pua. Pua ikabanwa.

Katika mchezo huna haja ya kubishana na Hitler. Ubishi huo umeshapotezwa wiki tatu kabla ya zamu ya kwanza.

Nahitaji vifaa gani?

Karatasi ya manila moja kwa ramani, kadibodi ya boksi la viatu kwa kete, gundi, rula, kalamu za rangi mbili na dadu mbili za kawaida. Ukitaka mistari iliyonyooka, chapisha gridi ya pembesita kwenye steshenari, kisha ipanue kwa fotokopi hadi ukubwa wa A2. Kila pembesita ni mita 500 za ardhi.

Usitumie karatasi nyepesi kwa kete. Utazigeuza na kuzifunika mara nyingi, na kete iliyojikunja pembe inamwambia mpinzani ni ipi. Mchezo mzima unategemea asijue.

Unachukua muda gani, na wachezaji wangapi?

Wawili, kwa saa tatu au nne. Unaanza saa 5 usiku na kila zamu ni saa moja. Zamu 1 hadi 7 ni giza. Zamu ya 8 inaanza saa 12 asubuhi, na zamu ya 15, ya mwisho, inaisha saa 8 mchana. Wanne pia wanawezekana. Tazama swali la kucheza wanne katika kundi la mwisho.

Sijawahi kucheza mchezo wa vita. Nitaweza?

Ndiyo. Kama unajua drafti, unajua tayari kwamba kete ina mahali pake na zamu ina mwenyewe. Kinachoongezeka ni vitu vitatu: ardhi si sawa kila mahali, dadu inaingilia mapigano, na huoni kila alichonacho mwenzako. Mara ya kwanza chezeni zamu 1 hadi 7 peke yake, kisha simamisheni na mjadili.

Mapigano yenyewe ni mepesi. Kila upande unachukua nguvu iliyoandikwa kwenye kete yake, unaongeza dadu moja, mnalinganisha. Aliyepungukiwa anarudi nyuma pembesita moja. Aliyepungukiwa kwa 4 au zaidi anarudi na kupoteza pointi 1. Mkilingana, mshambuliaji ndiye aliyeshindwa.

## Ramani na kete

Mbona ramani haionyeshi mzingiro wote?

Kwa sababu mzingiro wote unachosha. Ukichora kila kitu kuanzia Dnieper hadi Zvenigorodka utacheza wiki nzima, na nusu ya wachezaji watatumia muda wao kusogeza vikosi ambavyo havina la kuamua. Usiku wa kutoka uliamuliwa kwenye ukanda wa kilomita kumi hivi: mashariki kabisa kijiji cha Shanderovka na vitongoji vya Khilki na Komarovka, katikati kijiji cha Dzhurzhentsy, na kusini yake kilima kinachoitwa 239 kwa sababu ndiyo tarakimu iliyoandikwa kwenye ramani za kijeshi, magharibi mto Gniloy Tikich na Lysyanka, walikokuwa vifaru vya uokoaji. Chora ukanda huo tu.

Kati ya vijiji weka mabonde na vichaka hapa na pale. Si mapambo. Askari asiye na kifaru usiku ule aliokolewa na bonde.

Kwenye ramani niliyoipata majina yameandikwa vingine. Ni mahali pengine?

Ni palepale. Ramani za zamani zimefuata Kirusi, za leo zinafuata Kiukraine: Shanderovka utaikuta Shenderivka, Gniloy Tikich utaikuta Hnylyi Tikych, na Korsun leo ni Korsun-Shevchenkivskyi. Eneo lote liko mkoa wa Cherkasy. Chagueni maandishi ya aina moja kabla ya kuanza kuandika amri, vinginevyo mtagombana bure.

Kila kete ni watu wangapi?

Kete ya Mjerumani ina namba mbili. Ya kushoto ni nguvu ya kupigana, ya kulia ni pointi za watu. Pointi moja ni kama watu 500. Kete ziko 30, na jumla ya pointi za watu ni 90. Juu ya hizo kuna kete 3 za majeruhi, ambazo zina swali lake hapo chini.

Msovyeti ana namba moja tu, nguvu. Watu wake hatuwahesabu katika ushindi, na wapo wanaolalamikia hilo kwa haki: operesheni nzima iliwagharimu Wasovyeti zaidi ya askari 24,000 waliokufa au kupotea, mbali na majeruhi zaidi ya 55,000. Lakini usiku ule kamanda wa Kisovyeti hakupimwa kwa idadi ya aliowapoteza. Alipimwa kwa idadi ya waliomponyoka.

Kwa nini kete za Wasovyeti zinafunikwa?

Mjerumani aliyetoka Khilki usiku ule hakujua mbele yake kuna nini. Theluji ilikuwa inapeperuka usoni, na taarifa alizokuwa nazo zilikuwa chache, nyingine si za kweli. Kwa hiyo Msovyeti anapanga kete 34 zikiwa zimefunikwa, na 10 kati yake ni kete hewa: hazina kitu upande wa pili. Kete inageuzwa pale tu Mjerumani anapoingia pembesita inayopakana nayo, au yenyewe inapofyatua. Ikiwa hewa, inaondolewa mezani bila maelezo.

Msovyeti mzuri hatawanyi kete hewa ovyo. Huziweka mahali ambapo yeye mwenyewe angeogopa kupita.

## Kucheza upande wa Wajerumani

Zamu za kwanza nifanye nini?

Nyamaza. Mawimbi ya kwanza ya usiku ule yaliamriwa yaende kimyakimya, kwa singe, bila kupiga risasi. Mchezo unakuruhusu hivyohivyo: katika zamu 1 hadi 3 unaweza kutangaza shambulio la kimya. Unaongeza 2 kwenye dadu yako, na kete za Kisovyeti zinazopakana na mahali pa mapigano hazigeuzwi wala hazisogei zamu hiyo. Ukiita mizinga hata mara moja, ruhusa hiyo imekwisha kwa vikosi vyako vyote.

Utaenda na safu tatu: kaskazini Kikosi cha Kori B, katikati Divisheni ya 72, kusini Divisheni ya Wiking. Kabla ya zamu ya 1 unaandika kwenye karatasi njia ya kila safu kwa zamu tatu za mwanzo, na huruhusiwi kuibadilisha. Wageni huichukia kanuni hii. Lakini ukiiondoa unampa jenerali uwezo wa kumwona kila mtu na kumwamrisha kila mtu gizani, na hakuna aliyekuwa nao, Stemmermann hata kidogo.

Safu ya katikati ndiyo yenye bahati nzuri kihistoria. Rejimenti ya 105 ya Meja Kästner ilipenya ikafika kwa wenzao Lysyanka ikiwa bado na mpangilio. Wachezaji wengi wakisikia hilo huitupia safu hiyo kila kitu. Msovyeti naye husikia.

Kilima 239: nikipande au nikizunguke?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na tutakaa nalo.

Kwanza kilichotokea. Vifaru vya uokoaji vilitakiwa vikishike kilima hicho ili waliozingirwa wakifika wakute mlango wazi. Vilijaribu, vikashindwa. Stemmermann alipata taarifa kwamba waokoaji hawataweza kusonga zaidi na kwamba itabidi afike pale kwa nguvu zake mwenyewe. Vikosi vingi, hata hivyo, vilisonga vikiamini kilima kiko mikononi mwa wenzao. Fikiria mtu ametembea saa tano kwenye theluji, anaona vifaru kwenye mwinuko, anapumua, anataka kupunga mkono. Ni T-34, vifaru vya Kisovyeti. Umati ukageuka kusini kujificha na ule moto, na kusini hakukuwa na daraja, kulikuwa na mto.

Sasa mezani. Kilima kinachukua pembesita tatu. Anayekishika anaona pembesita 3 kila upande mchana, na 1 tu usiku. Kwa hiyo gharama ya kukipita inategemea saa. Ukifika kabla ya zamu ya 6, unaweza kupita kaskazini kati yake na Dzhurzhentsy na ukalipa kidogo. Ukifika zamu ya 8, njia hiyo imekufa na utasukumwa kusini utake usitake.

Kukipanda kunawezekana, ila kunahitaji kete nne zenye nguvu 4 au zaidi kwa wakati mmoja, na hutazikusanya gizani bila kuchelewesha kila mtu. Maoni yetu: usikipande, isipokuwa umepata uhakika kwamba kete mbili kati ya tatu za pale ni hewa. Na uhakika huo utaupata kwa kumpeleka mtu, si kwa kumtazama mwenzako usoni.

Mnaocheza kwa mara ya pili, ongezeni kanuni ya taarifa: kabla ya zamu ya 1 Msovyeti anatupa dadu kwa siri. Ikitoa 1, kilima kimeshikwa na Wajerumani kweli. Ikitoa 2 hadi 6, hakijashikwa. Mjerumani hataambiwa. Anapanga njia zake akiwa na tumaini dogo mfukoni, na tumaini hilo humgharimu.

Nibebe mizinga na magari, au niache?

Gari lina kasi ya pembesita 3 barabarani na 1 nje ya barabara, na nje ya barabara linatupiwa dadu: ikitoa 1 au 2 limekwama, na pembesita hiyo sasa inawagharimu wa nyuma zamu nzima kuipita. Askari wa miguu huenda 2 popote. Mzinga uliofika ng'ambo unakupa pointi 1.

Fanya hesabu mwenyewe. Sisi tumeona wachezaji wakiacha magari mapema na kujuta zamu ya 5, walipohitaji mzinga mmoja tu dhidi ya kete moja tu. Tumeona wengi zaidi wakiyabeba na kufungiwa nyuma yao. Kihistoria karibu zana zote nzito zilibaki upande wa mashariki.

Kanuni za mto ni ngumu mno. Hamwezi kuzipunguza?

Tunaweza, hatutaki. Mto Gniloy Tikich si mpana. Siku ya kawaida ungeutazama na usiukumbuke. Asubuhi ya tarehe 17 ulikuwa umefurika maji ya theluji iliyoyeyuka, una vipande vya barafu, na kina chake kilimzidi mtu kimo. Nyuma ya watu waliosimama ukingoni kulikuwa na vifaru. Waliingia. Mamia walizama. Watu wa Wiking walisukumia magari majini ili yawe daraja, maji yakayachukua. Kamanda wao, Gille, alijaribu kuwapanga watu washikane mikono, anayejua kuogelea na asiyejua, na mnyororo huo nao ukakatika.

Kwenye mchezo kete ikifika ukingoni lazima isimame. Zamu inayofuata inaweza kuvuka: unaondoa zana zote ilizobeba, unatupa dadu. Ikitoa 1 au 2, kete inapoteza nusu ya pointi zake za watu, na nusu isiyokamilika inahesabiwa kuwa imepotea. Ikitoa 3, 4 au 5, inapoteza pointi 1. Ikitoa 6, wote wamevuka.

Ukikubali kukaa zamu moja ukingoni kupanga mnyororo, unaongeza 1 kwenye dadu utakayotupa baadaye. Dadu yenyewe ikitoa 1 kabla ya nyongeza, mnyororo umekatika na unahesabu hasara ya nusu. Katika zamu hiyo ya kusubiri Msovyeti anakupiga kama kawaida. Hapa ndipo mtu huacha kusogeza mkono na kuanza kuuma kalamu.

Kuna madaraja mawili, yote Lysyanka, yote mikononi mwa waokoaji. Kuvuka darajani hakuna hasara, ila ni kete 3 tu kwa kila zamu kwa kila daraja. Ndiyo maana anayefika Lysyanka na kete 20 kwa mpigo naye ana tatizo, japo ni tatizo ambalo wa kusini angelilipia.

Kwa nini kete za walinzi wa nyuma haziruhusiwi kuondoka?

Divisheni za 57 na 88 zilipewa kazi ya kuwazuia Wasovyeti wa mashariki wakati wengine wanatoka. Kete zao ni 8. Haziondoki kabla ya zamu ya 5, na mwishoni mwa zamu ya 4 lazima angalau nne ziwe bado kwenye mstari. Zikipungua nne, kikosi cha ziada cha Msovyeti kinaingia kutoka mashariki zamu ya 6 badala ya zamu ya 9.

Kete hizo 8 zina pointi 20 za watu, na ushindi wako hautapatikana bila sehemu yao. Stemmermann mwenyewe hakufika Lysyanka, aliuawa njiani.

Majeruhi wanafanyaje kazi?

Uamuzi unafanywa kabla ya zamu ya 1, na ukishafanywa haubadiliki. Unaweza kuwaacha Shanderovka, ambako ndiko walikoachwa zaidi ya elfu moja wasioweza kutembea, pamoja na madaktari na wauguzi waliojitolea kubaki nao. Au unaweza kuwapakia kwenye mikokoteni: kete 3, kila moja pointi 1, kasi 1, na zinaziba njia kama magari yaliyokwama.

Kwa hesabu kavu, kuwabeba hakulipi. Tuliwahi kuombwa tupandishe pointi zao ziwe 3 kila mmoja ili wachezaji washawishike. Tulikataa. Anayewabeba awabebe akijua.

## Kucheza upande wa Wasovyeti

Upande huu si wa kukaa tu na kusubiri?

Anayekaa tu hushindwa. Usiku kete zako zilizofunikwa hazisogei, kweli, lakini iliyogeuzwa inasogea. Kwa hiyo kete dhaifu ukiigeuza makusudi mapema, kwa kufyatua, unaipata kama skauti wa kuwafuata. Una pia ndege nyepesi za U-2, mara mbili kwa mchezo mzima: usiku ule marubani wake waliruka katikati ya dhoruba ya theluji kuichoma Shanderovka, na mwanga ukawasaidia wapiga mizinga. Ukizitumia, pembesita ya kijiji ulichochagua na zile zinazopakana nayo zinaonekana kama mchana kwa zamu moja.

Kuanzia zamu ya 8 kete zako zote zinasogea. Vifaru na wapanda farasi wa Cossack wana kasi ya 4. Hapo usifukuze kete moja moja uwanjani. Wahi ukingo wa mto.

Kwa nini Msovyeti naye ana amri mbili tofauti?

Kwa sababu mzingiro ulifanywa na majeshi ya watu wawili, na hadi tarehe 12 Februari kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Siku hiyo Moscow iliwaweka wote waliokuwa wakiubana mzingiro chini ya Konev, na Vatutin hakufurahi. Usiku wa mchezo mkubwa ni mmoja, ila mshono ulikuwa haujaziba. Kete za majeshi hayo mawili, moja rangi ya kijani na jingine ya kahawia, haziwezi kushambulia pembesita moja pamoja kabla ya zamu ya 8.

## Ushindi na historia

Nani ameshinda?

Hesabu pointi za watu zilizovuka mto, ongeza za mizinga na majeruhi. Kuanzia 80 Mjerumani ameshinda. Chini ya 65 Msovyeti ameshinda. Katikati ni sare.

Na kihistoria nani alishinda?

Kila upande ulijitangaza. Wajerumani walihesabu zaidi ya 35,000 waliofika ng'ambo, wengi bila silaha na wengine bila viatu. Wasovyeti walitangaza maadui 55,000 waliouawa au kujeruhiwa na mateka 18,200, hesabu ambayo ukiijumlisha haimwachii mtu wa kutoroka. Konev alipandishwa cheo kuwa Marshali tarehe 20 Februari.

Kwa kanuni zetu matokeo halisi yanaangukia kwenye sare. Ila sare ya mezani haina uzito sawa na ya uwanjani: waliotoka hawakuwa tena divisheni za kupigana, walikuwa watu wa kupelekwa kupumzishwa, na pengo waliloliacha lilibaki wazi.

Ni sawa kweli kucheza upande wenye Waffen-SS?

Ni swali la haki, na jibu la "ni mchezo tu" halitoshi. Wiking na brigedi ya Wallonien waliokuwa nayo walikuwa SS, yaani askari wa chama cha Nazi, na jeshi zima la Ujerumani lilikuwa nchini Ukraine kama mvamizi aliyeua na kuchoma vijiji. Hatubadilishi hilo kwa kulinyamazia, wala hatuwaondoi kwenye ramani.

Tunachofanya ni kidogo lakini hakina mjadala. Kete zao hazina alama za SS. Zina namba tu. Hazina nyongeza yoyote ya ushujaa. Na katika klabu wachezaji hubadilishana pande, raundi moja moja, ili asiwepo anayejijengea makazi upande mmoja.

Mbona msichukue vita vya huku kwetu?

Tulijaribu ya 1917, kusini mwa Tanganyika, baada ya mapigano ya Mahiwa. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa akibanwa kutoka kila upande, akavuka Ruvuma na kuwashambulia Wareno Ngomano tarehe 25 Novemba. Tafel, ofisa wake aliyekuwa akijaribu kumfikia na safu nyingine, aliishiwa chakula akajisalimisha siku tatu baadaye. Ni hadithi nzuri kwa mchezo, ila wa aina nyingine. Pori lile halina ukuta wa watu. Lina mapengo, njaa, na maelfu ya wapagazi ambao mchezo lazima uwahesabu. Kanuni za Korsun hazijui njaa.

## Migogoro ya mezani

Tunaweza kucheza wanne?

Ndiyo. Watatu wanagawana safu za Wajerumani, mmoja anacheza Msovyeti. Wale watatu wanaruhusiwa kuongea kabla ya zamu ya 1, kisha hakuna kuongea mpaka kete zao zipakane. Wakitaka kupelekeana ujumbe, waandike maneno yasiyozidi kumi, na utafika zamu inayofuata. Ishara za macho zinahesabika kuwa kuongea.

Na peke yangu?

Inawezekana. Cheza Mjerumani, changanya kete za Wasovyeti zikiwa zimefunikwa, zipange bila kutazama. Kuanzia zamu ya 8 kila kete iliyogeuzwa inaelekea kete ya Mjerumani iliyo karibu zaidi. Utakosa ujanja wa kete hewa, na huo ndio utamu.

Vifaru vya uokoaji vinaweza kusogea mbele kuwapokea?

Pembesita 2 tu kutoka Lysyanka, na kila zamu vinapokuwa nje vinatupiwa dadu ya mafuta: ikitoa 1 hadi 3, vimesimama hapo hadi mwisho wa mchezo. Mkiona 2 ni chache, rudini kwenye swali la Kilima 239.

Kete imerudishwa nyuma baada ya kushindwa, na nyuma yake ni mto. Inakuwaje?

Inaingia majini papo hapo, bila zamu ya kusimama ukingoni na bila mnyororo. Tupa dadu kama kawaida na uondoe 1. Ikibaki na pointi yoyote, imevuka na inahesabiwa.

Kete mbili zinaweza kuungana baada ya hasara?

Ndiyo, kama ni za safu moja. Za safu tofauti haziungani usiku. Mchana zinaungana, lakini chukua nguvu ya iliyo ndogo: watu waliochanganyika bila maofisa wao hawapigani kama wawili.

Mpinzani aligeuza kete yangu iliyofunikwa kwa bahati mbaya, kwa kiwiko.

Ifunikeni, changanyeni na nyingine mbili za jirani, zirudisheni. Akifanya mara ya pili, ruhusuni Msovyeti aongeze kete hewa moja popote anapotaka.

Zamu ya 15 imeisha, na kete yangu iko ukingoni. Inahesabika?

Haihesabiki. Hoja ya "nilikuwa nimebakiza hatua moja" tumeisikia kila mahali mchezo huu ulikochezwa. Jibu ni hilohilo.